Zamu ya Kitabu

Mdogo wangu Mbazi alikuja kuomba kitabu changu akiwa amevaa suti, na mtu anayekuja kuomba akiwa na suti ameshajua kwamba atapewa. Hakuja peke yake. Ukoo mzima ulikuwa umejaa sebuleni kwa mama, kule Mbaga, wengine wamekalia mikono ya makochi, wengine wamesimama mlangoni wananukia moshi na tangawizi. Mimi niliwekewa kigoda katikati. Nilipokiona kile kigoda nikajua hiki si kikao, ni kesi, na sisi Wapare kesi tunaipenda kuliko chakula. Watani wetu husema Mpare akiibiwa kuku atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani. Wanasema kweli, ila siku hiyo kuku nilikuwa mimi.

Baba mdogo Kiangi alikohoa. Tangu baba afariki, yeye ndiye anayeshika usukani wa kila jambo letu, hata yale yasiyomhusu.

"Namkunda, mdogo wako ameitwa kwenye usaili Dodoma. Kampuni ya bima. Sharti lao ni awe na kitabu cha usingizi kichwani."

"Kitabu cha usingizi ninacho mimi," nikasema, "na ninakitumia kila siku hospitalini kuwalaza watu wanaopasuliwa. Mbazi amesomea mauzo. Anataka kumlaza nani?"

"Nitakuwa mkuu wa madai ya upasuaji," Mbazi akadakia. "Wanataka kitabu tu, dada. Ni cha muda. Nikimaliza matazamio nakurudishia."

Nikacheka, si kwa furaha. Alisema "kitabu tu" kama mtu anayeazima chumvi. Siku hizo hakuna aliyekuwa akisoma kwa macho tena. Ulikuwa unanunua kitabu, unakaa kwenye kiti cha kampuni ya Pandikizo, unavishwa kofia, na kitabu kinaingia kichwani kizimakizima, kinakaa pale kinakusubiri. Ukikihitaji unakifungua kwa mawazo, kama unavyoukumbuka wimbo. Lakini nakala ni moja na kichwa chake ni kimoja. Mkataba unaruhusu kumwazima mtu wa familia, na kikishaenda kwake, kwako hakibaki hata kivuli.

Kampuni ilipoandika neno familia ilimaanisha baba, mama na watoto wao. Haikuwahi kufika Upare. Baba mdogo aliandikisha ukoo wote, mpaka mashangazi walioolewa Ugweno na wajukuu zao, na mashine ikawakubali kwa sababu hakuna aliyewahi kuiambia undugu unaishia wapi. Tukaanza kugawana vitabu kama tunavyogawana maji ya ndiva, yale mabwawa yetu ya kumwagilia. Leo yanafunguliwa kwa huyu, kesho kwa yule, na ambaye si zamu yake shamba lake linakaa kavu. Mpango huo niliusifu mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, wakati ulipokuwa unanifaa.

"Kitabu hicho ni cha msaragambo," mama akasema. "Umesahau? Pembe ililia, kila nyumba ikatoa mtu, tukalima shamba zima la tangawizi mpaka kikanunuliwa. Mgongo wangu huu uliharibikia kule."

"Sijasahau, mama. Nimeshukuru na nitazidi kushukuru. Lakini nikikosa kitabu, nani atawalaza wagonjwa? Hospitali nzima inanitegemea mimi. Wataalamu wa usingizi huku kwetu ni haba kuliko mvua ya Same."

"Watatafuta mwingine."

"Hayupo mwingine!"

"Usinipandishie sauti. Kitabu si mume, Namkunda, kwamba ukimwazima mwenzio watu watakucheka."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mbazi alicheka kuliko wote, na nikamchukia pale pale, mbele ya mama aliyetuzaa.

"Kitabu hakitoki mpaka mwenye kichwa aseme ndiyo," nikawaambia. "Ndivyo mkataba unavyosema. Na mimi nasema hapana."

Baba mdogo hakukasirika. Yeye akitaka kukuumiza huwa mpole sana. Akaitengeneza kofia yake gotini, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nakiete yuko kidato gani vile?"

Alikuwa anajua. Nakiete ni binti yangu wa pekee, na alikuwa kidato cha nne, mtihani umeshabisha hodi. Fizikia yake ilikuwa ya mtoto wa shangazi, kemia ya mtoto wa baba mdogo huyo huyo, hesabu ya binamu aliyehamia Tanga. Kila kitabu alichokuwa nacho kichwani kilikuwa cha kuazima.

"Hatukulazimishi," baba mdogo akaendelea. "Ila asiyewafaa ndugu si ndugu. Nitalifuta jina lako kwenye familia. Na mtoto ameandikwa chini ya jina la mama yake, kwa hiyo atafutika nawe. Vitabu vitarudi kwa wenyewe."

"Undugu ni kufaana," sauti ikasema mlangoni. Methali nzuri kama ile, wakaigeuza rungu.

Nilimtazama mama nikitumaini atasema neno. Alikuwa anakunja upindo wa kanga yake. Nikamfikiria Nakiete ameketi kwenye chumba cha mtihani na kichwa kitupu, anatafuna kalamu, anajiuliza mama yake amemfanya nini. Nikafikiria pia wagonjwa, lakini wagonjwa hawakuwa na sura, na mtoto wangu alikuwa na sura. Ndivyo nilivyoamua, na sitajisingizia sababu nyingine.

"Utakifungua?" nikamuuliza Mbazi.

"Kipi?"

"Kitabu. Kikishaingia kichwani, utakifungua usome? Au utakibeba kama hiyo tai?"

"Nitakifungua, dada."

"Apa."

"Namkunda!" mama akafoka.

"Naapa," Mbazi akasema, huku anatabasamu.

*

Ofisi ya Pandikizo pale Same mjini imebanwa kati ya duka la mabati na kinyozi. Ndani kuna viti viwili vilivyopeana migongo na kofia mbili zilizounganishwa kwa waya mnene. Mhudumu aliitwa Zaituni, dada mmoja mnene anayetafuna ubani muda wote, na alikuwa anatueleza masharti kama anayesoma bei za nyanya.

"Kitabu kinahama na pambizo zake. Mnazijua pambizo?"

"Hapana," Mbazi akasema.

"Kitabu kikikaa kwenye kichwa cha mtu, yule mtu anaongezea yake pembeni. Aliyoyaona, aliyokosea, aliyoyawaza akiwa anakitumia. Yanagandia humo. Wewe ukikifungua utayakuta ya dada yako. Ukiongeza yako, naye atayakuta kikirudi."

Mbazi akageuza shingo. "Hamwezi kunipa kitabu kitupu, bila hayo mambo yake?"

"Hazitenganishwi."

Nilijua pambizo zangu. Kulikuwa na wazee wa Kisiwani ambao mishipa yao hujificha wakisikia baridi, na jinsi ya kuiita irudi kwa chupa ya maji ya moto. Kulikuwa na namna ya kumfanya mtoto akubali barakoa, kwa kumwambia apulize uji, bibi ameuleta wa moto. Kulikuwa na sauti ya moyo unaotaka kusimama, ambayo mashine huchelewa kuisikia na mimi sikuchelewa. Kulikuwa na ya nyumbani vilevile, kwa sababu kichwa hakina kuta. Nilipokuwa nimechoka zamu za usiku nilikuwa namuwaza Mbazi amelala kwa mama mpaka jua linawaka, na niliyoyawaza hayakuwa ya kusomwa kanisani.

Kofia ilikuwa ya baridi. Hakuna maumivu, na hilo ndilo baya lake, kwa sababu kitu kikiuma unajua pa kushika. Nilichagua jina la dawa moja, la kwanza nililowahi kulitumia, nikawa nalirudia moyoni ili lisitoke. Nikalirudia, nikalirudia, na katikati ya kulirudia nikagundua mdomo wangu unachezacheza bila neno lolote.

Zaituni akatuvua kofia. Mbazi akanyoosha tai yake.

"Mbona sisikii kitu?"

"Mpaka ukifungue," nikamwambia.

"Baadaye."

Akatoka, na wala hakusema asante.

*

Hospitali haikunifukuza, ilinihamishia mapokezi. Kazi yangu ikawa kuuliza majina na kuonyesha watu choo kiliko. Wagonjwa wa kupasuliwa walipakiwa kwenye gari la wagonjwa kwenda Moshi, na wengi walifika.

Mwanzoni mwa mvua za vuli wakamleta Eliwaza, mwanamke wa Makanya. Mtoto alikuwa amekwama, na mama alikuwa ameshaacha kulia, jambo ambalo hata mtu wa mapokezi anajua maana yake. Dokta Senkoro, mpasuaji wetu, hakutaka kumpakia garini. Alikuja mezani kwangu mbio, glavu mkononi, akanivuta mpaka kwenye kabati la dawa.

"Kitabu chako kimeenda, sawa. Lakini mikono si imebaki? Umeifanya kazi hii maisha yako yote. Niambie tu, ipi na kiasi gani."

Nikazitazama zile chupa. Nilisoma majina yake kama mgeni anayesoma mabango ya mji asioujua. Mkono wangu ulijua kushika bomba la sindano, ulijua hata pembe ya kulishikia, lakini kiasi cha kuvuta sikukijua, na kati ya kulaza na kuua tofauti yake ni hicho kiasi.

"Sijui," nikasema.

"Jaribu!"

"Dokta, nitamuua."

Nikampigia Mbazi simu. Nilisikia muziki na vijiko vinagongana na sahani.

"Mbazi, kifungue kitabu. Sasa hivi. Niambie dawa ya mama mjamzito wa kupasuliwa kwa dharura. Nisomee tu, mimi nitafuata."

"Dada, niko na wakubwa wangu mezani."

"Kuna mtu anakufa hapa!"

"Hapo hospitalini siku zote kuna mtu anakufa. Nitakupigia baadaye."

Akakata. Nikapiga tena, simu ikawa imezimwa. Gari likaondoka na Eliwaza, na alikata roho kabla ya kufika Mwanga, yeye na mwanawe aliyekuwa bado tumboni.

Mumewe alirudi kuchukua kanga zake na beseni walilokuja nalo. Mimi ndiye niliyekuwa mezani. Aliniangalia kwa muda, akakunja uso kama anayetafuta kitu.

"Si wewe uliyemlaza mke wangu kwenye mimba ya kwanza? Ulimwambia apulize uji, akacheka."

"Ni mimi."

"Na leo ulikuwa wapi?"

Nilikuwa hapo hapo, hatua chache kutoka kitandani kwake. Nilimpa beseni.

*

Mbazi alimaliza matazamio, akapata ajira ya kudumu na gari la kampuni. Akarudi kunirudishia kitabu siku moja kabla ya ibada ya shukrani ambayo mama alikuwa anamfanyia. Tuliketi tena kwenye vile viti, migongo kwa migongo, na kwa hilo niliishukuru Pandikizo, kwa sababu sikutaka kuuona uso wake.

Kitabu kikaingia. Nilikifungua pale pale, na kila kitu kikaja mbio, dawa, vipimo, mapafu, wazee wa Kisiwani na mishipa yao. Nikalia. Halafu nikamtafuta yeye. Nilitaka kuona pambizo zake, hata kama ni matusi, hata kama ni ukurasa mmoja aliousoma kwa uvivu akipiga miayo. Nilifunua kitabu chote.

Zaituni alikuwa anaangalia kioo cha mashine. "Pambizo za mwazimaji," akasoma, "hakuna. Kitabu hakikufunguliwa."

Nikageuka. "Uliapa."

Mbazi alikuwa anajifuta paji la uso. "Hawakuniuliza swali hata moja, dada. Walinipima tu kama kimo, taa ikawaka kijani, nikasaini. Nikifungue cha nini?"

"Nilikupigia simu."

"Hujui nilikuwa na nani pale mezani."

"Nilikuomba unisomee sentensi moja!"

"Na ningekuta nini humo?" Sasa na yeye akapandisha sauti. "Unafikiri sijui umeandika nini juu yangu? Tangu tuko wadogo unanitazama kama mzigo uliobebeshwa. Sikutaka kwenda kusoma hayo. Niliogopa, umesikia? Niliogopa."

Alisema kweli. Pambizo zile zilikuwa mbaya, na ningekuwa yeye nisingezifungua. Lakini Eliwaza alikuwa kaburini Makanya kwa sababu mdogo wangu aliogopa kusoma kwamba ni mvivu. Nilimzaba kibao. Zaituni akaacha kutafuna ubani.

Kwenye ibada ya shukrani waliimba, wakala mbuzi, na baba mdogo akasimama akashika kipaza sauti. Akamsifu Mungu, akamsifu Mbazi, halafu akatangaza kwamba zamu inayofuata ya kitabu cha usingizi ni ya mwanawe Kiondo, aliyepata matumaini ya kazi Mombasa. Watu wakapiga makofi. Mama, aliyekuwa ameketi kando yangu, akanishika goti.

"Mpe tu, mwanangu. Umeshazoea."

*

Nakiete alifaulu. Alifaulu vizuri mpaka mwalimu wake akapiga simu, na sikuwahi kuona mtu anaruka juu ya kitanda namna ile. Alishapata kitambulisho chake, jina lake sasa lilikuwa linasimama lenyewe kwenye familia, si chini ya langu. Alitaka udaktari. Tangu akiwa mdogo alikuwa akiwaambia watu kwamba mimi nikizeeka yeye ndiye atakayechukua kitabu changu na pambizo zake zote, na mimi nilikuwa nikimjibu asinizeeshe haraka.

Nilikwenda naye Pandikizo. Sikumwambia tunafuata nini. Zaituni alipenda kusoma masharti harakaharaka, lakini yale aliyasoma polepole.

"Anayejitoa katika familia hujitoa peke yake na hawezi kurudi. Kitabu chake kinafungwa kwenye kichwa chake. Hakitaazimwa tena wala kurithiwa na mtu yeyote, awe mzazi, mwenza au mtoto." Akaninyanyulia macho. "Awe mtoto, mama. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Nakiete akanishika mkono. "Mama, mbona sielewi?"

"Kiondo anakuja kukichukua. Akimaliza yeye atakuja mwingine. Kila kikiondoka kuna mtu atakufa pale hospitalini, na safari hii najua sura zao."

"Basi wanyime wao."

"Siwezi kuwanyima wao tu. Nikibaki ndani watanibana tena, na sasa watanibana kwa vitabu vyako vya kidato cha tano. Nitakubali tena, Nakiete. Najijua."

"Mimi siyo mjomba Mbazi. Mimi ningekisoma." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ningesoma mpaka pambizo."

"Najua."

"Huwezi kujua halafu ukafanya hivi."

Nilitamani anitukane. Mtoto akikutukana unaweza kumkemea, mambo yakaisha. Yeye alinitazama tu, akisubiri nibadilike kuwa mama yake. Nilikuwa nimeshamchagua mara moja, na alifaulu mtihani wake, na Makanya kulikuwa na mwanamume anayelea peke yake mtoto wa ile mimba ya kwanza. Hilo sikuweza kumwambia, maana lingekuwa kama namtoza yeye kifo ambacho hakukifanya.

"Unakubali?" Zaituni akauliza.

"Nakubali."

Nakiete aliachia mkono wangu. Alitoka bila kubamiza mlango, akavuka barabara, akasimama kwenye kituo cha magari ya mlimani.

Nilipigiwa simu kabla hata sijafika nyumbani. Dokta Senkoro alikuwa na mwanamke mwingine, mtoto amekaa vibaya, hakuna muda wa Moshi. Nilinawa, nikavaa, nikasimama kichwani pake. Chupa zote kabatini zilikuwa zimerudi kuwa na majina. Nilimwambia apulize uji, bibi ameuleta wa moto. Mkono wangu ukavuta kiasi kile kile kinachotakiwa na akalala, na mtoto akatoka analia kwa hasira, mzima kabisa.

Jioni yule mama alizindukana. Kitu cha kwanza alichouliza, midomo bado mikavu, kilikuwa mtoto wake yuko wapi.

"Yupo," nikamwambia. "Huyu hapa, kando yako."

Wangu alikuwa ameshapanda mlimani kwa bibi yake, na simu yangu alikuwa haipokei.